Mgeni Alale Wapi Dar es Salaam?

Mtu aendaye mji asioujua hukabiliwa na maswali mawili kabla hajafunga mzigo wake: atakula nini, na atalala wapi. La kwanza hujibiwa na njaa yake mwenyewe. La pili, aghalabu, hujibiwa na watu wengine, naye hulipokea jibu lao bila kuuliza lilitoka wapi. Kwa wageni waendao Dar es Salaam, na hasa wageni wa vyuo vikuu waitwao makongamanoni, jibu limekuwa moja kwa muda mrefu. Huambiwa walale katika rasi ya Msasani, yaani Oysterbay na Masaki, au kama hapana budi, katika hoteli za katikati ya mji zitazamazo bahari. Shauri hili hutolewa kwa sauti ya upole, kama jambo lisilohitaji hoja. Yafaa lidaiwe hoja yake.

Hoja zitolewazo ni nne: kwamba huko ni salama, kwamba ni kimya, kwamba ni safi, na kwamba ndiko mgeni aheshimiwako. Kariakoo, Ilala, Magomeni na Sinza, kwa upande wao, hutajwa kwa kunong'onwa, mithili ya maradhi. Mgeni huruhusiwa kwenda huko mchana, akifuatana na mwenyeji, bila mkoba, naye arudi kabla ya magharibi. Mwenyeji atoaye onyo hilo mara nyingi mwenyewe anakaa Ilala au Sinza. Amelala huko miaka mingi, na watoto wake wanacheza huko. Hiyo ndiyo ajabu ya shauri hili, kwamba hutolewa na watu ambao maisha yao wenyewe ni ushahidi wa kulikanusha.

Shauri hili halikuzaliwa juzi. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860 ulifanywa makao ya serikali ya Wadachi mwaka 1891, na mwaka ule ule ilitolewa amri ya ujenzi iliyoupanga mji kwa namna ya nyumba. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba za mtindo wa Ulaya. Nyuma yake, nyumba za vifaa vya kudumu. Na mbali zaidi ziliachwa nyumba za miti na udongo. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 hawakuifuta fikira hiyo. Waliinyosha ikawa kanda tatu, na baina ya mitaa ya biashara na mitaa ya Waafrika wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa sababu zilizoitwa za afya. Ng'ambo ya uwanja huo palikuwa na kambi ya wapagazi wa vita walioitwa Carrier Corps, na jina hilo vinywani mwa wenyeji likawa Kariakoo. Baadaye Oysterbay ikatengenezwa kuwa mtaa wa Wazungu. Watu wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu akajua mipaka ilipo, ijapokuwa hapakuwa na ukuta.

Jambo la kuangaliwa katika amri zile ni kwamba zilisema zaidi habari za kuta na mapaa kuliko habari za rangi ya mtu. Asiyeweza kujenga kwa mawe hakuambiwa kuwa ni mtu duni. Alionyeshwa tu pengine pa kujenga. Kazi ya ubaguzi ilifanywa na udongo na saruji, na mtoa amri akabaki na mikono safi. Shauri la leo lafuata njia hiyo hiyo. Halimwambii mgeni asilale na Waswahili. Humwambia atafute hoteli yenye kiwango. Neno kiwango limeshika mahali pa ukuta wa mawe, na kila likitamkwa kidole huelekea kule kule kilikoelekea zamani. Kanuni iliyokufa katika vitabu vya serikali imefufuka katika vinywa vya wenyeji wema, wasiojua kuwa wanaisoma kwa moyo.

Siku hizi mgeni wa mbali hangoji hata kinywa cha mwenyeji. Hufungua intaneti akachagua kwa kuhesabu nyota. Wahenga walionya kwamba mtu asisafirie nyota ya mwenzake. Wao walinena habari za bahati, lakini onyo lao limewafaa wapangaji wa vyumba kuliko walivyodhani. Nyota za hoteli hupima lifti, bwawa la kuogelea, upana wa kitanda na wingi wa mataulo. Hayo ni mambo ya haki kupimwa, na mtu aliyekuja kupumzika hana sababu ya kuyadharau. Walakini hapana nyota ipimayo kama mgeni atasikia lugha aliyokuja kuisoma, au kama ataweza kutoka mlangoni kwa miguu akafika mahali penye watu. Aliyeisifu hoteli alikuwa na safari yake, na sifa yake ilifaa safari ile. Msomi aendaye kwa sifa hiyo amesafiri safari ya mtu mwingine kwa fedha yake mwenyewe.

Hasara ya jambo hili huonekana wazi katika habari za Kiswahili chenyewe. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo hukumbusha 7 Julai 1954, siku ilipoundwa TANU, chama kilichokifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. TANU haikuundwa katika ukumbi wa hoteli ya pwani. Iliundwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Katika mtaa huo huo, ndani ya jengo la TANU, Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 kuwafundisha wanafunzi wake wa kwanza, nao walikuwa wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Julius Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955 alikuja kukaa Magomeni, na nyumba yake huko imehifadhiwa. Basi chama kilizaliwa upande ule wa Mnazi Mmoja, chuo kilizaliwa upande ule, na tarehe inayosherehekewa na dunia ilitoka upande ule. Ndio upande ambao mgeni wa chuo huonywa asilale.

Kariakoo kuna mtaa uitwao Mtaa wa Swahili. Kuna Mtaa wa Nyamwezi na Mtaa wa Congo, majina yanayokumbusha watu na nchi ambazo mji huu ulichota wakazi wake. Yupo, wala si mmoja, mtaalamu wa Kiswahili aliyefika Dar es Salaam mara nyingi bila kuupita Mtaa wa Swahili hata mara moja. Ameusoma usemi wa mji katika vinasa sauti vilivyoletwa na wasaidizi wake, kama mtu aulizaye ladha ya maji na kisima ki mlangoni pake.

Hapa atatokea mtu aseme kwamba mgeni aweza kulala Masaki akaenda Kariakoo mchana. Aweza, na wengi hufanya hivyo. Lakini kutembelea mtaa ni jambo moja, na kulala mtaani ni jambo jingine. Mchana mtu husema lugha ya kazi yake: muuzaji husema bei, mnunuzi husema kipingamizi, na wote wawili hujihadhari mbele ya mgeni. Alfajiri na usiku watu husema lugha yao. Muuza kahawa apitapo na birika akigonga vikombe vyake, mama lishe awashapo mkaa na kumtuma mtoto chumvi, wazee wakaapo barazani baada ya isha wakichambua mpira na siasa, wapangaji wagombanapo kwa zamu ya kufagia ua, ndipo methali hutoka mahali pake na utani hupata jibu. Lugha haina saa za ofisi. Arudiye rasini kabla ya magharibi huondoka darasani kabla mwalimu hajaingia.

Sasa na zipimwe hoja nne, moja baada ya moja, kwa haki.

Ya usalama ina ukweli ndani yake. Wachomoaji wapo Kariakoo, na mwenye simu mkononi katika msongamano wa Mtaa wa Congo amewaandalia karamu. Lakini wanyang'anyi wa mikoba watumiao pikipiki wanajulikana katika barabara za rasi pia, na huko mtembea kwa miguu huwa peke yake, kwa maana kila mwenye nyumba yu ndani ya gari au nyuma ya geti. Apigaye kelele Kariakoo husikiwa na watu mia. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Msiba ule haufichiki, wala haufai kufichwa na yeyote autakiaye mtaa ule mema. Walakini itazamwe hoja itolewayo kutokana nao. Waliokufa walikuwa watu wa shughuli za kila siku za soko lile. Kusema kwamba jengo halimfai mgeni, kisha kunyamaza juu ya wenyeji walio ndani yake kutwa, ni kukiri kwamba uhai una madaraja. Nyumba isiyo salama kwa mgeni si salama kwa mtu, na dawa yake ni ukaguzi wa majengo, si kumhamisha mgeni mmoja.

Ya kimya na ikubaliwe. Kariakoo si kimya, na asiyeweza kulala penye magari ya mizigo na mikokoteni asijilazimishe. Lakini kati ya Kariakoo na rasi upo mji mzima. Upanga ina mitaa ya miti na utulivu, nayo iko hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Ilala na Magomeni zina vichochoro ambavyo baada ya saa nne za usiku husikika mbwa tu. Washauri huzungumza kana kwamba mgeni ana vituo viwili tu, kelele na Masaki. Hiyo si hoja ya kimya. Ni uvivu wa kuutazama mji.

Ya usafi yataka utambuzi vile vile. Bonde la Msimbazi hufurika, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi katika makao yao ya Jangwani na kwingineko. Mgeni akiambiwa asilale bondeni wakati wa masika ameshauriwa vema. Lakini akiambiwa asilale ng'ambo yote ya bonde, ameshauriwa kwa ramani ya zamani. Uchafu na usafi huwa wa nyumba, tena mara nyingine wa chumba. Hauwi wa wilaya. Nyumba njema si mlango, na asiyefungua akaingia ndani hana haki ya kutoa hukumu.

Yabaki hoja ya heshima, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa hutoka moyoni. Mwenyeji huona haya kumlaza mgeni wake mahali anapolala mwenyewe. Haya hiyo hufanana na adabu, lakini ina jina jingine. Mtu anayeona kuwa nyumba yake haimfai mgeni amekwisha kubali kwamba yeye ni mtu wa nyumba isiyofaa. Desturi ya pwani haikuwa hivyo. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa na baraza mbele ili mgeni apokewe katika maisha yenyewe, mbele ya macho ya mtaa, akajulikana ni mgeni wa nani. Watu walisema mgeni aje ili mwenyeji apone. Siku hizi mgeni huja, na apataye kupona ni mwenye hoteli. Fedha ya usiku mmoja katika hoteli kubwa ya rasi aghalabu yatosha kwa siku kadhaa katika nyumba safi ya wageni Sinza au Ilala, na chenji yake ingemfikia muuza supu, fundi viatu na mwenye bajaji. Heshima ya msomi ni kupewa alichokuja kukitafuta. Akija kutafuta mji akapewa bustani yenye ukuta, amekirimiwa vizuri na kudhulumiwa pamoja.

Hata kwa hesabu ya muda tu, shauri la kale limepitwa. Chuo Kikuu kipo Mlimani, karibu na Ubungo na Mwenge. Mtu mwenye shughuli huko siku nne, akalazwa Masaki, atatumia asubuhi zake katika foleni akitazama mgongo wa gari jingine, ilhali Sinza na Mwenge zimejaa nyumba za wageni, na daladala ya kwenda chuoni ni ya mwendo mfupi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana njia yao wenyewe katika Barabara ya Morogoro, yakiunganisha Kariakoo na Kivukoni na Ubungo na Kimara. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, humshusha msafiri wa Morogoro na Dodoma karibu na Kariakoo na katikati ya mji. Njia kuu za mji zinampeleka mgeni kwenye mitaa ya watu. Ni shauri la wenyeji linalomgeuza na kumrudisha pwani.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wa kulaumiwa ni wakaaji wa rasi peke yao. Lipo kosa la upande wa pili. Wapo wageni walalao Uswahilini ili wakasimulie kwao kwamba wamelala Uswahilini. Huyatazama maisha ya watu kama mtu atazamaye wanyama mbugani, hupiga picha za milango na vyungu, na hulia Kariakoo ya zamani inapokufa. Kariakoo si makumbusho. Nyumba zake za vyumba sita zenye ukumbi katikati zimebomolewa nyingi, na maghorofa yamesimama mahali pake. Jengo kubwa la soko lililobuniwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, lenye paa la saruji la umbo la miavuli, liliungua Julai 2021, na biashara haikungoja limalize kufuka moshi. Mtaa ule haumdai mgeni machozi wala mapenzi. Unamtaka alipe chumba, asalimie jirani, na asizibe njia ya mkokoteni.

Basi mgeni achague kwa kipimo gani? Kwanza na ajiulize amefuata nini. Mwenye kazi katika balozi za rasini na alale rasini, hapana amlaumuye. Mgonjwa, au mwenye mtoto mchanga, na alale palipo karibu na hospitali aiaminiye. Aliyekuja kupumzika baharini na aifuate bahari. Lakini aliyekuja kusoma lugha, historia, biashara au siasa ya mji, na alale walalapo watu wa mji, karibu na kituo cha usafiri. Pili, asilipe siku zote kabla hajalala ya kwanza. Na akitazame chumba mchana, afungue bomba aone maji, ajaribu kufuli, atazame chandarua kama kina matundu, aulize ukumbi wa jirani hupiga muziki siku gani, na ajue ngazi ya kutokea ikitokea moto. Tatu, na aulize wanaokaa hapo, si wanaopita tu. Mwenye duka lililo mkabala na nyumba ya wageni hujua tabia ya nyumba ile kuliko tangazo lolote.

Na vyuo viitavyo wageni vina wajibu wao. Barua ya mwaliko itajayo hoteli moja ya rasi, na bei yake, imekwisha kumchagulia mgeni mji atakaoujua. Barua hiyo ingeweza kutaja nyumba tatu katika mitaa mitatu, Upanga, Sinza na Ilala, pamoja na ile ya pwani, na kueleza umbali, bei na basi la kupanda. Gharama yake ni mistari minne ya wino. Wanafunzi wenyeji, ambao wengi hukaa katika mitaa hiyo, ndio wangekuwa waongozaji, na kongamano lisingefungwa saa kumi na moja magari yaondokapo.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Walio wengi kabisa kati yao hawakulala rasini usiku ule wa kuhesabiwa, wala hawatalala huko usiku wa leo. Chuo kinachosoma habari za watu hao, kwa lugha yao, kwa fedha itokayo katika kodi zao, hakina udhuru wa kuwaambia wageni wake kwamba mahali wanapolala watu hao si mahali pa kulala mtu. Kikiwa na hoja nyingine zaidi ya hizo nne, na iletwe. Kisipokuwa nayo, na kiandike upya barua yake ya mwaliko kabla ya 7 Julai ijayo.